Barua ya Nasaha kwa Mpwa: Kuchagua Redio na Kitambua Vyombo kwa Mashua ya Tanga

Butiama, Mkoa wa Mara

Kwa mpwa mpendwa aliyeko Musoma,

Barua hii inajibu swali ambalo mpwa amemwuliza mjomba wake, yaani ni redio gani iliyounganishwa na kitambua vyombo inayoifaa mashua ndogo ya tanga itumikayo kwa matembezi katika Ziwa Victoria. Nasaha kuu ni kwamba mnunuzi amtafute kwanza msikilizaji, kisha ndipo atafute mtambo, kwa kuwa redio hununuliwa ili mtu mwingine asikie, na thamani yake huonekana pale tu ambapo upande wa pili yupo anayesikiliza katika chaneli ileile, kwa saa zilezile, na katika umbali ambao mawimbi yanaweza kufika.

Redio ya VHF ya majini ni mtambo wa kusema na kusikia unaotumia masafa ya kati ya megahezi 156 na 162. Ndani ya masafa hayo, chaneli 16, ambayo ni megahezi 156.8, imetengwa duniani kote kwa ajili ya kuitana na kutangaza dhiki, na chaneli 70 imetengwa kwa wito wa kidijiti uitwao DSC, ambapo nahodha hufunua kifuniko kidogo, akabonyeza kitufe chekundu kwa sekunde chache, na mtambo wenyewe ukatuma namba ya chombo pamoja na mahali kilipo kama palivyopimwa na GPS. AIS, yaani kitambua vyombo, kwa upande wake ni mfumo ambao chombo hujitangaza chenyewe kwa jina, mahali, mwelekeo na mwendo, katika megahezi 161.975 na 162.025, ili vyombo vya jirani vikione kwenye skrini hata usiku au wakati wa mvua. Kwa kuwa mifumo hii miwili hutumia masafa yanayopakana, watengenezaji wameweza kuiweka katika boksi moja, na hapo ndipo swali la mpwa linapoanzia.

Mitambo ya pamoja iko ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana dukani. Namna ya kwanza, mfano wake Standard Horizon GX2400, ni redio yenye kipokezi cha AIS tu, ambayo humwonyesha nahodha vyombo vingine lakini haimwonyeshi yeye kwa mtu yeyote. Namna ya pili, mfano wake B&G V60-B, hupokea na pia hutangaza chombo chenyewe kwa daraja B, ambalo ni daraja lililowekewa vyombo vidogo visivyolazimishwa kisheria, tofauti na daraja A la meli kubwa linalotumia wati 12.5. Daraja B la kawaida hutangaza kwa wati 2 kila baada ya sekunde 30 chombo kikiwa katika mwendo, na kila dakika 3 kikiwa kimetulia, na liko daraja B lililoboreshwa linalotumia wati 5 na kutangaza kwa haraka zaidi. Mashua inayokwenda kilomita 10 kwa saa husogea mita 83 hivi ndani ya sekunde 30, hivyo tangazo hilo linamtosha nahodha wa meli kujua kwamba mbele yake kuna tanga, ingawa halitoshi kumwongoza mtu anayepishana kwa karibu sana.

Mpwa anapaswa kuelewa pia kile ambacho skrini haitaonyesha. Meli za abiria na mizigo ndizo zinazotarajiwa kubeba AIS, kama vile MV Mwanza, meli ya urefu wa mita 92.6 na uwezo wa abiria 1,200, iliyoshushwa majini mwaka 2023. Mitumbwi ya mbao ya wavuvi wa dagaa, ambayo hutanda majini usiku wa giza ikiwa na taa zake, haina mitambo hiyo, na nyavu zake hazitoi ishara yoyote. Kwa hiyo katika njia ya kutoka Musoma kuelekea kisiwa cha Rukuba, au katika mlango mwembamba kati ya Kisorya upande wa Bunda na Rugezi upande wa Ukerewe ambako kivuko hukatiza, skrini iliyo tupu haimaanishi maji matupu, na macho ya mtu aliyekaa mbele ya mashua yanabaki kuwa chombo cha kwanza cha usalama.

Jambo linalowakosesha wanunuzi wengi ni umbali. Mawimbi ya VHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, hivyo kusikika hutegemea urefu wa antena zaidi ya nguvu ya mtambo. Kanuni inayotumika ni kutafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, kukizidisha kwa 4.1, kisha kujumlisha matokeo ya pande mbili ili kupata kilomita. Antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 9 hutoa kilomita 12 hivi, mashua mbili za namna hiyo husikizana katika kilomita 25 hivi, na mashua moja ikiwasiliana na mnara wa mita 49 ulioko ufukweni hufika kilomita 41 hivi. Kutoka Musoma hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 130, na kwa hiyo sauti ya mpwa akiwa Rukuba haiwezi kufika Mwanza moja kwa moja, hata akinunua redio ya gharama kiasi gani, ila pawepo kituo cha karibu kinachosikiliza au mtambo wa kurusha upya mawimbi.

Umuhimu wa msikilizaji huyo umeandikwa katika historia ya ziwa hili kwa majonzi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba jina la Mwalimu aliyezaliwa hapa Butiama, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara na watu 228 wakapoteza maisha. Tanzania na Uganda zimo katika mradi wa mawasiliano na usafiri wa ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao ndani yake Mwanza ilipangiwa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji. Kabla ya kulipa senti yoyote, mpwa aende TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akaulize ni chaneli zipi zinazosikilizwa upande wa Mara, kwa saa zipi, na kama wito wa DSC unapokewa, kwa maana kitufe chekundu kisichopokewa na mtu ni pambo.

Katika hatua hiyohiyo ashughulikie leseni ya kutumia masafa, ambayo iko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na aulizie utaratibu wa kupata MMSI, yaani namba ya tarakimu tisa inayotambulisha chombo katika DSC na AIS. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi, na kwa Tanzania ni 674 au 677, wakati Kenya ni 634 na Uganda 675. Mtambo uliokwishatumika unaweza kuja na namba ya mmiliki wa zamani, na kwa kuwa mitambo mingi humruhusu mtumiaji kuingiza namba mara moja au mbili tu, mpwa ahakikishe imefutwa kabla ya fedha kutolewa, la sivyo siku ya dhiki waokoaji watatafuta chombo kingine.

Kuhusu ufungaji, fedha za kutosha zitengwe kwa antena na waya wake. Waya mwembamba wa aina ya RG-58 ukifika mita 15 hupoteza karibu nusu ya nguvu, ilhali RG-213, ulio mnene, hupoteza kidogo zaidi ya robo, na viungio vyake vifungwe vizuri maji yasiingie. Redio inaposema kwa wati 25 huvuta ampea 5 hadi 6 kutoka betri ya volti 12, na betri ikizama au mlingoti ukivunjika, boksi la pamoja hunyamaza lote kwa mara moja, sauti na utambuzi pia.

Kwa sababu hizo, mjomba anamshauri mpwa achukue redio ya kudumu ya wati 25 yenye DSC ya daraja D, GPS ya ndani na kipokezi cha AIS, aifunge kwa antena iliyo kileleni mwa mlingoti, na aongeze redio ya mkononi isiyoingia maji yenye betri yake. Kitangazaji cha daraja B kifuate akiba ikiruhusu, kwa antena ya pili, hasa akianza kusafiri usiku katika njia za meli. Namba 112 ya dharura na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ziandikwe kando ya usukani, kwa kuwa karibu na pwani simu husaidia, ingawa humfikia mtu mmoja tu wakati redio huwafikia wote walio karibu. Zaidi ya hayo yote, kila safari iachwe kwa maandishi kwa jamaa wa Musoma, ikitaja njia, idadi ya watu waliovaa jaketi okozi na saa ya kurudi, ili ikipita saa hiyo pawepo mtu wa nchi kavu ambaye wajibu wake ni kuanza kupiga simu.

Wasalaam,
Mjomba wake, Butiama