Ushahidi wa Damu ya Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hana ulimi wa kueleza maradhi yake. Mtu mzima akishikwa na homa husema kichwa chamuuma, au baridi imemwingia mifupani. Lakini mtoto wa siku tatu hana neno ila kilio, na mara nyingi kilio hicho nacho hufifia ugonjwa unapozidi. Akikataa titi, akipumua mbio, mwili wake ukiwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, dalili hizi zaweza kuwa za maambukizi ya damu, na zaweza kuwa za jambo jingine. Mama huona kuwa mwanawe amebadilika. Daktari hutakiwa ajue sababu. Na wakati haumngoji hata mmoja wao.

Mwaka 2022 watoto kadiri ya milioni 2.3 duniani walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya namna hiyo. Shahidi wa desturi ni damu inayooteshwa. Damu kidogo, pengine isiyozidi mililita moja, hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, kisha hungojewa. Jawabu huchukua siku moja, mbili au zaidi. Na bakteria wakiwa wachache, chupa yaweza kunyamaza na hali mtoto ni mgonjwa. Kwa hiyo daktari hutoa dawa kabla ya ushahidi. Asipotoa, mtoto aweza kufa kwa muda wa saa chache. Akimpa kila anayeshukiwa, wengi wasio na maambukizi hupewa dawa bure, na bakteria kama Klebsiella huzidi kuwa sugu. Mzani huu ni mgumu: upande mmoja una uhai wa mtoto aliye kitandani, upande wa pili dawa ya watoto watakaozaliwa kesho.

Elimu ya jeni imeleta shahidi wa pili. Haimtafuti adui peke yake, bali huuliza mwili ulioshambuliwa. Bakteria waingiapo katika damu, chembe nyeupe huamsha baadhi ya jeni na kuzilaza nyingine, na kiasi cha kuamka huko chaweza kupimwa. Mwaka 2014 wataalamu wa Edinburgh walieleza jeni 52 ambazo mpangilio wake uliwatenga, kwa usahihi mkubwa, watoto wachanga wenye maambukizi ya bakteria na wasio nayo. Ajabu ni kuwa habari hiyo haikuwa ya vita vya kinga tu; ilihusu pia matumizi ya sukari na mafuta mwilini.

Jeni husema jambo jingine: kwa nini mtoto fulani hushindwa na kiini ambacho mwenzake hukishinda. Wako wazaliwao na kasoro ya urithi inayowanyima kinga, nao huonekana wazima siku za kwanza. Tangu mwaka 2008 jimbo la Wisconsin, Marekani, limewapima watoto wachanga wote kwa matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ili wenye kasoro hiyo wapandikizwe uboho mapema. Katika Kenya na Tanzania chanjo ya BCG, yenye bakteria hai waliodhoofishwa, hutolewa mtoto anapozaliwa. Huwakinga walio wengi, lakini kwa mtoto asiye na kinga yaweza kuwa ugonjwa. Ushahidi ukichelewa, sindano hutangulia.

Hata hivyo shahidi si hakimu. Watoto waliochunguzwa Edinburgh walikuwa wachache, na kipimo cha namna hiyo hutaka mashine na mafundi ambao hospitali nyingi hazina. Jicho la muuguzi anayegundua kuwa mtoto hanyonyi lingali la kwanza, wala hapana jeni itakayochukua nafasi yake. Thamani ya elimu hii itapimwa kwa saa: kama jawabu litafika kitandani mapema, likamwokoa mgonjwa na kumwepusha mzima na dawa asiyoihitaji, asiye na ulimi atakuwa amesikiwa.