Damu, Mafuta na Swali Moja

Mwaka 1989 nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Cambridge, Massachusetts, jirani na Taasisi ya Whitehead ya utafiti wa biolojia. Eneo la Kendall Square halikuwa na majengo ya vioo yaliyojaa leo, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya peremende kutoka kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kulisha seli na kuzilinda zisiingie ukungu.

Mwaka ule gumzo la maabara lilikuwa kazi ya Harvey Lodish. Alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha MIT tangu 1968, alikuwa mmoja wa waasisi wa Whitehead, na kitabu cha biolojia ya seli alichoandika na wanasayansi wenzake Darnell na Baltimore, kilichotoka 1986, tulikifunua hadi kikachakaa. Sasa yeye, Alan D'Andrea na Gordon Wong walikuwa wamekipata kipokezi cha erithropoietini, homoni ya figo inayouamuru uboho utengeneze seli nyekundu za damu.

Njia yao ilitaka subira. Walichukua nakala za jeni kutoka seli za damu za panya, wakaziingiza kwa mafungu katika seli za figo za tumbili, kisha wakazimwagia homoni iliyotiwa iodini yenye mionzi. Fungu lililoinasa homoni liligawanywa na kupimwa tena, likagawanywa tena, mpaka ikabaki nakala moja. Juni mwaka huohuo Marekani iliidhinisha homoni hiyo kuwa dawa ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu.

Mimi niliyazoea zaidi mafuta. Tulikuwa na seli za panya ziitwazo 3T3-L1, zilizotengwa na Howard Green hapo MIT. Huanza zikiwa bapa, hazina cha kutazamwa. Ukizitilia insulini, deksamethasoni na kemikali ya tatu, baada ya siku kadhaa huwa mviringo, na chini ya hadubini matone ya mafuta hung'aa ndani yake kama shanga.

Enzi zile wengi waliyahesabu mafuta kuwa ghala tu. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta. Mwaka uliofuata Philipp Scherer, Lodish na wenzao wakaeleza protini nyingine ambayo seli za mafuta huimwaga kwenye damu. Leo inaitwa adiponektini, na cha ajabu, wanene kwa kawaida huwa nayo kidogo kuliko wembamba. Ghala kumbe lilikuwa likituma barua.

Wapo waliomwona Lodish kama mtu wa kurukaruka: alianza na virusi vya bakteria, akaja kwenye damu, akaishia kwenye mafuta. Mimi naona alifuata jambo moja, jinsi seli inavyotengeneza protini zake na jinsi protini hizo zinavyopokea na kupeleka habari. Mwanafunzi akiniuliza leo asomee damu au mafuta, humwambia ashike swali kwanza, kisha atafute seli itakayolijibu.