Jezi Iliyorudi Safi

Ndugu msomaji, leo nataka kukueleza kosa langu. Mimi ni karani wa parokia, na kila Jumamosi nawafundisha watoto wa kigango chetu mpira wa miguu. Mwaka jana tulicheza fainali na kigango jirani. Tulikuwa mbele kwa bao moja. Kwenye benchi aliketi mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake wote. Mama yake alikuwa amemfulia jezi na kuipiga pasi. Sikumwingiza hata dakika moja. Tukashinda, tukaimba njia nzima. Yeye akaikunja jezi ile, safi kama alivyokuja nayo, akanirudishia akisema, “Asante, mwalimu.” Nami nikaipokea tu.

Baadaye nilikwenda mjini kwa shemeji yangu, naye akatuonyesha sinema ya Marekani ya mwaka 1976, jina lake The Bad News Bears. Ni hadithi ya kuchekesha ya watoto wa California wanaocheza besiboli. Katika mchezo huo mmoja hutupa mpira, mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka uwanja. Watoto hawa ni wale ambao timu nyingine hazikuwataka. Mwalimu wao, Buttermaker, ni mlevi ambaye kazi yake ni kusafisha mabwawa ya kuogelea. Mechi ya kwanza wanafungwa 26 kwa 0, naye akubali kushindwa kabla mchezo haujaisha. Wazazi, nawaonya: mna matusi mengi humo, si sinema ya wadogo.

Lakini muziki wake ndio ulionishika. Jerry Fielding, aliyeutengeneza, alichukua muziki wa Carmen, mchezo wa kuimba wa Mfaransa Georges Bizet, ulioonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875. Mna ndani yake wimbo wa shujaa apiganaye na mafahali. Hebu fikiri! Muziki wa shujaa walia, na mtoto aangusha mpira. Kwanza nilidhani muziki ule wawacheka. Kumbe wawapa heshima hata kabla hawajashinda lolote.

Siku ya fainali Buttermaker awatoa hodari, awaingiza wale wa benchi. Lupus, mnyonge kuliko wote, hataki kuingia, aogopa kuharibu. Aambiwa aingie. Aingia, na mpira unaporuka kumwelekea, audaka! Hata hivyo wanashindwa, 7 kwa 6.

Watu wa nyumbani walicheka sana. Mimi niliikumbuka jezi iliyokunjwa. Kazini kwangu naandika majina katika kitabu cha ubatizo. Kila mtoto hupata mstari wake, mwenye nguvu na mnyonge sawasawa. Uwanjani nilimnyima mmoja mstari wake kwa ajili ya bao moja.

Niliporudi nilikwenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama akanyamaza, kisha akasema, “Mwalimu, ile siku hakula.”

Jumamosi iliyopita mtoto huyo alicheza kipindi chote cha pili. Tulifungwa mabao mawili. Alipokuja kurudisha jezi nilimwambia aende nayo nyumbani ikafuliwe, maana ilikuwa imejaa matope mgongoni na kifuani.

Basi, msomaji, nawe uliyekabidhiwa watoto, tazama benchi lako kabla kipenga cha mwisho hakijalia.