Kingome Ndani ya Kanisa

Kati ya Dunwich na Sizewell, kwenye pwani ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, gofu la kanisa dogo limesimama peke yake katikati ya malisho na matete. Kuta zake ni za mawe ya gumegume. Ukisogea na kuchungulia ndani unakuta ukuta mwingine: kibanda kinene cha zege chenye matundu membamba ya kupitishia mitutu ya bunduki. Aliye baharini hawezi kukiona. Anaona kanisa lililobomoka tu, na ndivyo waliokijenga walivyotaka.

Nilianza kupita hapo miaka mingi iliyopita, nilipokuja kufanya kazi ya uuguzi katika mji wa jirani. Mimi ni wa Nakuru. Niliposikia kwamba hapa Minsmere kuna kinamasi chenye ndege wa kila aina, nikaenda kuondoa upweke, na huko nikamkuta ndege niliyemjua tangu utotoni: mweupe mwenye mabaka meusi, miguu mirefu, mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, akifagia maji kushoto na kulia kutafuta vijidudu. Waingereza humwita avocet. Ziwani kwetu wageni hawamtazami mara mbili, macho yote yako kwa heroe. Huku ndiye nembo ya RSPB, shirika kubwa la kulinda ndege, na watu husafiri mwendo mrefu kuja kumwona.

Kibanda cha zege nilikuwa nakipita tu. Aliyenifanya nikitazame ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mzaliwa wa vijiji vya hapo. Alisema kwamba alipokuwa mdogo, kabla ya kibanda hicho kujengwa, mahali penye matete palikuwa na ng'ombe.

Kumbe maji yamekwenda na kurudi hapa kwa karne nyingi. Kanisa lile ni sehemu ya abasia iliyoanzishwa mwaka 1182. Mafuriko yaliwachosha watawa, na mwaka 1363 abasia ikahamishiwa bara, karibu na Leiston. Katika karne ya 19 wenye mashamba wakachimba mifereji, wakakausha bonde, wakapata malisho. Ikaja 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ufaransa ilipoanguka mwezi Juni, Uingereza ikangoja kuvamiwa wakati wowote, na pwani hii tambarare ilikuwa mahali pazuri pa kuteremshia majeshi. Chini ya Jenerali Edmund Ironside, nchi nzima ikaingia katika ujenzi wa haraka, na takriban ngome ndogo 28,000 za namna hii zikasimama. Ufukweni Minsmere vikapangwa vitalu vikubwa vya zege kuzuia vifaru. Kisha bonde likafurikishwa makusudi, ili adui atakayevuka vitalu azame matopeni.

Adui hakuja. Vita vilikwisha, lakini bonde lilikuwa limeshajaa maji na matete. Mwaka 1947 avocet wakataga mayai hapa, baada ya karibu miaka mia bila kuzaliana Uingereza kwa kudumu, na mwaka huohuo RSPB ikaanza kulitunza eneo hili kama hifadhi. Miaka ya 1960 msimamizi wake, Bert Axell, akachimbisha mabwawa ya kina kifupi yenye visiwa vidogo, na ndege wakazidi.

Kwangu mimi, basi, kitu kikubwa kuliko vyote kilichojengwa Minsmere kwa ajili ya vita ni maji. Kati ya 1995 na 2002 watu waliojitolea walizunguka Uingereza wakaandikisha karibu mabaki 20,000 ya ulinzi wa vita vya karne ya 20. Naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini mara nyingi huona mgeni akipiga picha za kibanda kutoka kila upande, kisha akaenda zake bila kuambiwa kwamba matete yaliyo nyuma yake nayo ni kazi ya 1940.

Vitalu vya ufukweni navyo havikai vilevile. Kuna miezi vinafukiwa na mchanga hadi kichwani, na kuna miezi bahari inavifukua. Baada ya bahari kufurika pwani yote ya mashariki mnamo Desemba 2013, nilikwenda nikapitisha kiganja juu ya kimoja. Zege lilikuwa limelika, na ndani yake zilionekana kokoto za mviringo, laini, sawa kabisa na zile nilizokuwa nimezikanyaga.

Ukisimama kanisani na kutazama kusini unaona kuba jeupe la mtambo wa nyuklia wa Sizewell B, na siku hizi winchi za Sizewell C, uliopewa idhini mwaka 2022. Majirani zangu wamegawanyika. Wengine wanataka ajira, na wana haki ya kuzitaka. Mimi nahofia maji. Vinamasi vya Sizewell hutoa maji yake baharini kupitia lango la maji la Minsmere, lilelile linalotoa maji ya bonde hili, na matete, samaki na ndege wote wanategemea kiwango chake. Kwa hiyo unapoitishwa mkutano wa hadhara kuhusu mtambo huo, na zamu yangu ikiruhusu, ninakwenda, ninanyoosha mkono na kuuliza: lango lile litasimamiwa na nani, na maji yataachwa yafike kiwango gani?