Kanisa la Kilimani na Ukumbi Wetu



Nimeombwa na kamati niandike machache juu ya jengo lolote nilipendalo hapa North York. Nami, bila kusita, nimechagua Kanisa la Mtakatifu Yohana, York Mills, lile la Kianglikana lililo kilimani juu ya bonde la Hogg's Hollow, karibu na Barabara ya Yonge. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi kule Unguja, na mtoto wa mwashi hapiti penye ukuta bila kuutazama.

Aliyelichora ni John George Howard, yule bwana aliyeuachia mji wa Toronto bustani ya High Park. Lilianza kujengwa mwaka 1843, likafunguliwa 1844, kwa mfano wa makanisa ya vijijini Uingereza: mnara wa mraba, ukumbi mrefu wa waumini, na madirisha membamba yenye matao ya ncha. Tao la ncha si pambo tu. Tao la nusu duara hutanua miguu na kuusukuma ukuta nje. Lile la ncha hupeleka uzito chini zaidi, ukuta ukapumua. Makanisa mengi ya zamani huko Uingereza ni ya mawe, lakini Howard alitumia matofali.

Sasa tukumbuke kwetu, Mkunazini. Askofu Edward Steere alipojenga Kanisa la Kristo mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, naye alitaka kanisa la Kiingereza. Hata hivyo alitumia matumbawe ya pwani yetu, na paa akalimimina kwa zege ya saruji na matumbawe yaliyopondwa, likawa mviringo kama pipa lililopasuliwa kati. Baba alikuwa akisema paa lile ni mtumbwi uliofudikizwa. Basi mpango ni ule ule, lakini mwili wa jengo umetoka pale pale liliposimama.

Nayasema haya kwa sababu ya shauri la ukumbi wetu. Miaka inapita tunabishana. Wazee wenzangu wanataka mlango wa kuchonga na baraza ya mawe. Vijana wanasema gharama haibebeki. Na kila mkutano tunaahirisha mpaka mfuko ujae. Wakati huo huo watoto wanakua. Mjukuu wangu anajua kuniamkia shikamoo, lakini nikimwuliza habari za shule hunijibu kwa Kiingereza.

Wale wa kilimani hawakungoja. Joseph Shepard na mkewe walitoa kiwanja, na mwaka 1816 likasimama kanisa la magogo, maana miti ndiyo waliyokuwa nayo. Walisali humo kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kupata la matofali. Wala hakuna anayesema kwamba parokia ilianza 1844; wote huhesabu tangu magogo.

Kwa hiyo naomba tukodi chumba mwaka huu, hata kiwe cha chini ya duka. Tuweke humo yale yasiyobadilika: mikeka, kahawa, mahali pa wazee kuzungumza, na darasa la Kiswahili kila Jumamosi. Mimi nimejitolea kufundisha zamu ya kwanza. Mlango wa kuchonga utakuja, na utawakuta watoto wanaojua kupiga hodi.