Anklam: Mji Ambako Korongo Walimfundisha Mtu Kuruka

Wazee wetu walipoiona eropleni kwa mara ya kwanza hawakuhangaika sana kuitafutia jina. Waliiita ndege, na jina likakaa. Kwa neno hilo moja Kiswahili kimeweka chini ya paa moja kiumbe mwenye manyoya na chombo cha bati na misumari. Msomaji atakaye kujua neno hilo lina haki kiasi gani hana budi kufunga safari ya fikra hadi kaskazini mwa Ujerumani, katika mji mdogo uitwao Anklam, kwani huko alizaliwa mtu aliyeketi miguuni pa ndege kama mwanafunzi aketivyo mbele ya mwalimu.

Mgeni atokaye Berlin kwa gari la moshi huelekea kaskazini, akipita mashamba ya ngano na misitu ya misonobari, na baada ya mwendo wa saa mbili na zaidi huteremka Anklam. Nchi ni tambarare kama sinia. Mlango wa kale wa mji, uliojengwa kwa matofali mekundu, ungali umesimama, na kandokando ya mji unapita mto Peene, ambao huenda polepole mno hata mtu huweza kuukodolea macho asijue unaelekea wapi. Pande zote za mto kuna malisho na vinamasi, hadi karibu na Bahari ya Baltiki.

MAKABILA MATANO YA UTI WA MGONGO

Katika vinamasi hivyo mtoto wa shule angeweza kusomea somo zima la wanyama wenye uti wa mgongo bila ya kufungua kitabu. Majini wamo samaki, wapumuao kwa mashavu. Nao ndio wengi kuliko wote, kwani zaidi ya nusu ya aina zote za wanyama wenye uti wa mgongo duniani ni samaki. Kandokando ya maji wamo vyura, wa jamii ya amfibia, ambao huanza maisha yao wakiwa viluwiluwi wenye mashavu na kuyamaliza wakiwa na mapafu. Penye jua hujianika nyoka na mijusi, ambao ni reptilia, wenye magamba makavu. Angani wamo ndege, wenye manyoya na damu yenye joto. Mwishoni huja mamalia, wanyonyeshao watoto wao: popo, panya, fisi-maji, na mwanadamu mwenyewe asimamaye ukingoni akiwatazama wenzake.

Makabila hayo matano yana ukoo mmoja. Wote wana safu ya pingili za mifupa mgongoni, na ndani ya safu hiyo umepita uti wa fahamu. Mkono wa mtu, bawa la ndege na bawa la popo vimejengwa kwa mifupa ileile: mmoja wa juu, miwili ya chini, kisha ya kiganja na vidole. Tofauti ni jinsi kila mmoja alivyorefusha au kufupisha urithi wake.

Katika historia yote ya dunia ni makundi matatu tu ya ukoo huu yaliyofaulu kuruka kwa mabawa ya kupiga. La kwanza ni la reptilia warukao wa zama za kale, ambao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa Tendaguru, katika Mkoa wetu wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin pamoja na mifupa ya yule dinosauri mkubwa anayetazamwa na wageni katika jumba la makumbusho la mji huo mpaka leo. La pili ni ndege. La tatu ni popo. Mtu hayumo. Alitoka mapema kutaka kuingia, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

VIJANA WAWILI NA KORONGO

Otto Lilienthal alizaliwa Anklam tarehe 23 Mei, 1848, na mdogo wake Gustav akamfuata mwaka 1849. Nyumba yao iliijua huzuni. Wazazi walipata watoto wanane, lakini waliosalimika utotoni ni watatu tu: vijana hao wawili na dada yao Marie. Mwaka 1861 baba akafariki dunia, na mama akabaki na mzigo wa kuwalea na kuwasomesha.

Mwalimu wao mwingine alikuwa korongo mweupe. Ndege huyu, mwenye mdomo na miguu myekundu na ncha nyeusi za mabawa, hujenga tago lake juu ya mapaa ya nyumba na hushuka malishoni kutafuta vyura, panya na nyoka. Vijana wale walimnyemelea katika nyasi, wakaona jambo ambalo wengi hulitazama bila ya kuliona: korongo huondoka kwa kuuelekea upepo, wala si kwa kuupa mgongo, na akiisha kupanda juu huyatandaza mabawa, akaelea muda mrefu bila ya kuyapiga. Wakajitengenezea mabawa ya mbao, wakayafunga mikononi, wakatoka usiku ili wenzao wa shule wasiwacheke. Hawakuruka. Lakini hawakuacha.

Otto alisomea uhandisi Potsdam na Berlin, akapigana katika vita vya 1870 na 1871 kati ya Prussia na Ufaransa, kisha akarudi kwenye mitambo. Alibuni boila ndogo ya mvuke iliyokuwa salama zaidi, akafungua kiwanda chake Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1880. Yeye na Gustav walibuni pia matofali madogo ya mawe ya kuchezea watoto, ambayo haki yake waliiuza, yakaja kumtajirisha mtu mwingine. Jambo moja la kiwandani kwake linafaa kukumbukwa: mwaka 1890 aliamua kwamba robo ya faida igawiwe wafanyakazi wake. Katika zama zile waajiri wa namna hiyo walikuwa wachache.

HESABU KWANZA, KILIMA BAADAYE

Wabunifu wengi waliomtangulia walitengeneza chombo kwanza, wakaruka nacho, wakavunjika. Lilienthal aligeuza utaratibu huo. Kwa miaka mingi alipima nguvu ya hewa juu ya mabawa ya maumbo mbalimbali. Akathibitisha kwamba bawa lenye mbinuko mdogo juu, mithili ya bawa la korongo, huinuliwa na hewa kwa nguvu kubwa zaidi kuliko ubao ulionyooka. Matokeo aliyachapisha mwaka 1889 katika kitabu kilichoeleza mruko wa ndege kuwa ni msingi wa usanii wa kuruka.

Hesabu hizo zilimfundisha na unyenyekevu. Korongo ana uzito wa kilo tatu au nne, mifupa yenye uwazi ndani, na kifua kilichojaa misuli ya mabawa. Mtu ana kilo sabini na misuli yake mikubwa imo miguuni. Hawezi kupiga mabawa akajiinua. Bali aweza kuelea. Basi mwaka 1891 karibu na kijiji cha Derwitz, Lilienthal alielea kiasi cha meta 25. Miaka miwili baadaye, katika vilima vya Rhinow, alifika meta 250. Mwaka 1894 alijengewa kilima cha udongo cha meta 15 huko Lichterfelde, karibu na nyumbani kwake, ili aweze kuruka upepo utokapo upande wowote. Chombo chake kilikuwa cha fito nyepesi na kitambaa cha pamba, chenye uzito wa kilo 20 hivi. Alining'inia katikati yake kwa mikono, akakiongoza kwa kuyumbisha miguu. Kwa jumla aliruka mara zipatazo 2,000.

Tarehe 9 Agosti, 1896, katika kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln, upepo ulikiinua chombo pua juu, kikakosa mwendo, kikaanguka kutoka meta 15 hivi. Pingili ya tatu ya shingo yake ilivunjika. Uti uleule unaotuunganisha na samaki na korongo ndio uliokatika. Alifariki Berlin siku ya pili yake, akiwa na umri wa miaka 48, akaacha mjane, Agnes, na watoto wanne.

NDOTO NA MOTO

Habari za kifo hicho zilivuka bahari hadi Marekani, zikawaamsha ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Walianza na majedwali ya Lilienthal, wakayapima upya, wakatafuta njia iliyo bora ya kukiongoza chombo kuliko kuyumbisha miguu, na tarehe 17 Desemba, 1903, wakaruka kwa injini.

Lilienthal mwenyewe alitazamia makubwa zaidi. Mwaka 1894 aliandika katika barua kwamba mtu akishaweza kuruka, mipaka ya nchi itapoteza maana, kwa kuwa hakuna awezaye kujenga ukuta hadi mbinguni, na mataifa yatalazimika kupatana. Tarehe 9 Oktoba, 1943, ndege za Marekani ziliishambulia Anklam kwa mabomu, kwa kuwa palikuwa na kiwanda cha sehemu za ndege za kivita. Mwaka 1945 kanisa la Mtakatifu Nikolai, alimobatizwa Lilienthal, likateketea kwa moto. Ndege ni ndege; aaminiwaye au aogopwaye ni mtu aliyemo ndani.

MGENI WETU WA KILA MWAKA

Kuna ndege mmoja, hata hivyo, aliyekwisha kuitimiza ndoto ile. Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani hujificha matopeni. Mwaka 1822, karibu na Klütz, katika jimbo hilohilo la kaskazini, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika wa karibu sentimita 80 uliompenya shingoni. Alikuwa amechomwa barani kwetu, akaruka nao hadi Ujerumani. Amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, akiwa angali na mkuki wake.

Korongo wa mashariki mwa Ujerumani hushuka kwa njia ya Uturuki, Sinai na bonde la Nile, wakipandishwa na hewa yenye joto, ndiyo maana huikwepa bahari kuu. Baadhi yao hufika katika mbuga zetu, Serengeti ikiwa miongoni mwake, nao hula nzige na viwavijeshi kabla havijamaliza mazao ya mkulima. Huko Anklam na jirani zake wamepungua miaka ya karibuni, kwa sababu malisho mengi yamegeuzwa mashamba makubwa. Huku kwetu hutishwa na sumu za kuulia wadudu na kukauka kwa vinamasi. Hakuna nchi iwezayo kumlinda peke yake.

Basi mzazi aonapo mwaka huu kundi la korongo weupe likizunguka juu bila ya kupiga bawa, awaite watoto waje watazame. Wawaangalie jinsi wanavyoondoka: wanauelekea upepo.