Sanduku la Hewa

Nduthi ya Baba ilikuwa imekaa stoo miaka sita, chini ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Nilipoiomba hakuuliza naipeleka wapi. Alisema tu, "Ichukue kabla panya hawajamaliza waya." Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu, hakuwa ameniambia maneno mengi hivyo kwa mara moja, kwa hivyo niliyashika yote. Nikaipakia kwenye pikapu ya jirani, tukashuka nayo kutoka Kikuyu hadi Kangemi ninakokaa.

Ni Honda CG125 ya miaka ya 80. Kwa nyinyi msiojali pikipiki (najua mko wengi, vumilieni kidogo), CG ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 70 kwa ajili ya nchi ambako piki hubeba mizigo ya pikapu na oili hubadilishwa ikikumbukwa. Valvu zake husukumwa na vijiti badala ya cheni, na haina mambo mengi ya kuharibika. Wachina waliiga injini hiyo, na mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwenye piki ndogo, boda zilizotujaa zilikuja na ndugu zake. Ukipanda boda leo jioni, kuna uwezekano mkubwa umekalia mjukuu wa piki ya Baba.

Baba alikuwa mtu wa AI. Si hii ya kuandika insha. Ile ya zamani, ya kuhimilisha ng'ombe. Mbegu zilitoka Kabete, kwenye kituo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1946, na alizibeba kwenye mtungi wa nitrojeni ya baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Huduma ilipoanza kuachiwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 90, alinunua hiyo Honda mkononi na kuanza kujitegemea. Ng'ombe akiingia kwenye joto hangoji piki yako itengenezwe. Akionekana asubuhi, jioni uwe umefika, la sivyo mwenye ng'ombe amepoteza wiki tatu nawe umepoteza kastoma. AI hiyo ndiyo ilinilipia karo. Hii mpya ndiyo inanila kazi: mteja aliyekuwa akinipa makala kumi kwa wiki sasa ananipa mbili, na hizo mbili ni za kusahihisha alichoandika mashine.

Basi nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na piki. Niliweka picha Instagram na jamaa wa Kilimani akaniandikia usiku huo huo. Anataka kafe resa, ule mtindo wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 50 na 60: kiti chembamba, usukani wa chini, hakuna kitu cha ziada. Atalipa 120,000. Na chini ya kiti pawe wazi kabisa. "Nataka nione ukuta upande ule mwingine," alisema.

Kinachoziba ukuta huo ni sanduku la hewa. Ni boksi la plastiki nyeusi, baya kwa macho, limejibanza kati ya kabureta na gurudumu la nyuma. Ndani mna sponji iliyopakwa oili. Hewa huingilia juu, karibu na kiti, hupita kwenye sponji na kuacha vumbi hapo, halafu hutulia ndani ya boksi kabla ya kuvutwa na injini. Ukilitoa, unafunga filta ya koni moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Kila piki ya mtindo huo unayoiona mtandaoni imefanywa hivyo.

Nilienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, ambako ukikosa spea basi haipo Kenya. Muuzaji aliniwekea koni tatu mezani bila kuuliza piki gani.

"Boss, chukua hii ya kromu. Ukivuta mafuta utasikia inanguruma kama simba."

"Na mvua?"

"Kwani unaishi ziwani?"

Shilingi 800. Siku hiyo hiyo mtu wa skrepa alipita kwa ploti yetu akipiga kelele zake, nikampa boksi pamoja na ndoo mbili zilizopasuka. Alinilipa shilingi 30 kwa yote. Nilinunua chapati.

Piki iliwaka, na kwa dakika mbili nilijiona fundi. Nilipoingia Waiyaki Way na kuvuta mafuta hadi katikati, ikakohoa, ikasita, na nilipoyaachilia ikapiga mlio wa bunduki kwenye bomba la moshi, mama wa mboga akainama. Fundi wangu wa Kangemi, mzee wa maneno machache, hakuigusa hata.

"Kijana wangu, umeipanua pua lakini chakula hujaongeza."

Kabureta ni kitu rahisi ukielezwa na mtu asiyekudharau. Hewa ikipita kwa kasi kooni mwake, inafyonza petroli kupitia tundu dogo linaloitwa jeti. Ukubwa wa tundu hilo ulipangwa kiwandani kwa kujua kwamba hewa itapitia kwenye lile boksi, polepole. Ondoa boksi, hewa inazidi petroli, na injini inachemka. Dawa ni jeti yenye namba kubwa zaidi, na kuinua sindano ya kabureta pengo moja. Nilipanda jeti moja baada ya nyingine. Ulikuwa mchezo wa kupanda mlima kuelekea Kinoo nikivuta mafuta, nazima ghafla, nasukuma piki kando ya barabara, natoa plagi na kuiangalia. Ikitoka nyeupe kama chaki, ina njaa. Ikiwa nyeusi ya masizi, imevimbiwa. Unatafuta rangi ya chai ya maziwa.

Na nikaipata. Singependa kudanganya hapa, maana waliosema koni haifanyi kazi huku kwetu walinikosea. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hivyo kabureta iliyopimiwa nchi za chini huku hutoa petroli iliyozidi. Hewa ya ziada ya koni ilimeza sehemu ya ziada hiyo. Jeti mbili juu na piki ikaenda laini, ikinguruma kama nilivyoahidiwa. Nilimtumia jamaa wa Kilimani video. Alijibu kwa mioto mitatu.

Jumapili nikaipeleka nyumbani, kumwonyesha Baba. Lami inaishia mbali na kwetu. Zilizobaki ni kilomita nne za udongo mwekundu, na ilikuwa Januari, matatu mbele yangu imetimua vumbi hadi nikawa naendesha kwa kukisia. Baba alinisikia kabla hajaniona. Alikuwa amesimama getini.

"Mbona inapumua kwa mdomo?"

Hakungoja jibu. Alileta bisibisi, akafungua koni, akaingiza kidole kwenye koo la kabureta. Kilitoka chekundu. Akakisugua na kidole gumba karibu na sikio langu ili nisikie chembe.

"Huu ni msasa," alisema. "Unalisha pistoni msasa."

Halafu akaongea. Aliongea kuhusu mvua za El Niño za 1997, jinsi alivyovuka maji yaliyofika kwenye injini akiwa na mtungi mgongoni, na piki haikuzima kwa sababu mdomo wa boksi uko juu chini ya kiti. Kila Jumapili aliosha sponji kwa mafuta ya taa, akaianika kivulini, akaipaka oili, akaikamua. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo utoto wangu wote nikadhani anaosha kitambaa tu.

"Liko wapi?"

Nilimwambia.

"Uliliuza," alisema. Aliingia ndani, na chakula tulikula tukitazama habari.

Wiki mbili nilizunguka Kirinyaga Road. Boksi za boda zinafanana na hilo mpaka ufike kwenye matundu ya boliti, ndipo ukoo unaisha. Mwishowe nilipata moja kwenye boda iliyogongwa, 600, na fundi akapinda kishikio chake mpaka kikakubali. Mpira wa kuunganisha nilinunua mpya. Jeti nikarudisha ya zamani. Piki sasa haingurumi, na ukitazama chini ya kiti unaona plastiki.

Jamaa wa Kilimani ameshuka hadi 70,000. Anasema akipewa hivyo atalitoa mwenyewe, kwa hivyo simwokoi mtu yeyote kwa kulibakiza. Landlodi amenipa hadi tarehe tano. Sijajibu ujumbe.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba, Kikuyu, na sodo la mafuta ya taa. Baba aliketi kwenye kigoda, goti lake bovu limenyooka. Niliosha, nikaanika, nikapaka oili, nikakamua, nikampa. Aliibonyeza sponji kati ya vidole viwili, akaitazama dhidi ya jua.

"Bado imelowa," alisema akinirudishia. "Kamua tena."